Mwalimu Maryan Bishar, Aliyesimamisha Malori

Assalaam aleikum wazee wetu, kina mama, walimu, na nyinyi wanafunzi mlioketi mbele, familia imekubaliana kwamba maisha ya Mwalimu Maryan Bishar yasomwe na binti yake mdogo, Idman, hapa hapa uwanjani alipofanyia kazi.

Mwalimu alizaliwa Habaswein, kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari 1975, kama vitambulisho vya nusu ya walioketi hapa, lakini mama yake alisema ilikuwa wakati wa mvua, na mtoto alitoka akipiga mateke. Alisoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1982 hadi 1989, akaja Garissa kwa sekondari, 1990 hadi 1993, ambako ratiba ilionyesha mazoezi ya viungo lakini kipindi kikifika wavulana walienda kwenye mpira na wasichana wakapewa hesabu, jambo lililomuuma mpaka akayasomea mazoezi hayo katika chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1997, baba yake akiuliza watu kama kweli serikali humlipa mtu kwa kuruka.

Alianza kazi Tarbaj mwaka 1998, tarehe 12 Agosti 2000 akaolewa na Aweys Warsame, mfanyabiashara wa mifugo mwenye lori, wakajaliwa Hanad, Saynab na Idman, kisha mwaka 2009 akahamishiwa shule hii ya wasichana.

Hapa alikuta wasichana wanapimwa mazoezi kwa kalamu, wanaandika majina ya misuli yote na hakuna aliyewahi kuruka, kwa sababu uwanja uko wazi kando ya barabara ya sokoni na msichana hawezi kukimbia mbele ya wanaume. Mwalimu alisema yeye haupi alama mguu ambao hajauona ukikimbia, akazunguka kwa kina mama akiazima mikeka ya aqal, nyumba zile zinazofunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, akaifunga kwenye nguzo kuzunguka uwanja, juu kuliko kichwa cha mwanamume yeyote anayepita kwa miguu.

Jumatano tarehe 7 Machi 2018 tathmini ya kukimbia ikaanza, na Jumatano ni siku ya soko, lori likapita limejaa mbuzi, na juu ya mbuzi wamekaa vijana, wakaona ndani ya mikeka, wakapiga mluzi, wakaita kimbia abaayo, kimbia dada, wasichana wote wakaketi chini wakajifunika na hakuna aliyekubali kuinuka tena, na mwalimu mkuu akasema wiki ijayo ikishindikana wataandika tu kwa kalamu kama zamani. Lori lilikuwa la Aweys. Jioni Mwalimu alimwekea chai akamwambia, Aweys, lori lako limenifelishia darasa zima.

Jumatano iliyofuata Aweys alisimama katikati ya barabara na bakora yake, akasimamisha lori lake kwanza, na mengine yakakwama nyuma, akawaambia waliokaa juu wateremke wakae kivulini. Mmoja akauliza, mzee, mtihani gani huo wa kukimbia? Akajibiwa, mtihani wa mke wangu, shuka. Siku hiyo wasichana wote walipimwa kwa miguu yao, na tangu hapo kalamu haikurudi.

Juni 2024 Mwalimu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, akatibiwa hapa na Nairobi. Tarehe 3 Mei 2025 Idman alijifungua Zamzam, akarudi kidato cha nne akiwa na hofu, alidhani akikimbia kitu kitapasuka ndani, hata akamwomba, Hooyo, niandikie hata nusu ya alama, si wewe ni mama yangu, naye akajibu, ndiyo maana siandiki. Tarehe 15 Oktoba Mwalimu akaletwa uwanjani, akakalishwa kwenye kiti, hana pumzi ya filimbi, Zamzam mapajani, akagonga mtungi wa maji kwa fimbo, na Idman akakimbia, huku analia, huku anakimbia, akafika, na Mwalimu akaugonga ule mtungi mpaka ukapasuka.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya Adhuhuri. Jeneza lilipita barabara ile ile, malori ya soko yakiwa yanakuja, Aweys akiwa ameinamisha kichwa, hana bakora, hakuinua hata mkono, na lori la kwanza likasimama, la pili likasimama, vijana wakateremka wenyewe wakakaa kivulini mpaka Mwalimu akapita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Garissa na Nairobi, majirani waliomlea Zamzam, walimu wenzake, na kina mama wenye mikeka, ambayo bado tunaiomba, kwani tathmini ni baada ya Idi na walimu wamemwambia Idman ndiye atakayegonga mtungi mpya, huyu huyu anayewasomea, naye atagonga.

Mwenyezi Mungu akupokee kwa rehema zake. Pumzika sasa, Hooyo, malori yamesimama.