Shangazi Bado na Helikopta ya Betri

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mhandisi wetu wa helikopta za wagonjwa anastaafu. Kwenye faili ana jina refu na vyeo viwili. Sisi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa lango, tunamwita Shangazi Bado, naye huitika. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu dirisha la chumba changu cha redio linatazama mlango wake, na kwa sababu wenzangu wote walidai wametingwa na kazi.

Alianza kama fundi wa injini. Enzi hizo alikuwa anaweza kuacha chai yake kantini katikati ya stori, akatoka nje na kumwonyesha rubani kuwa injini inayounguruma uwanjani haiko sawa. Mizani ilikuwa ugonjwa wake. Alipima mkoba wa daktari, alipima machela, alipima hata chakula cha marubani. Rubani mmoja mwenye mwili wake alipandishwa kwenye mizani mbele ya wageni, na tangu siku hiyo akawa anaingilia mlango wa nyuma.

Kisha akapewa swali ambalo limekula nusu ya pili ya utumishi wake: je, helikopta inaweza kubeba mgonjwa kwa nguvu ya betri? Helikopta moja kuukuu iliondolewa injini, ikafungwa mota ya umeme na betri. Faida zake zilieleweka: kelele kidogo juu ya wodi, moshi hakuna, na vipuri vya kuharibika ni vichache. Lakini betri zikipata hitilafu huweza kuwaka moto, kwa hiyo akajengewa chumba chake ng'ambo ya uwanja, nyuma ya mstari wa njano. Kanuni ikasema betri zinapochajiwa zisiachwe bila mtu, na anayezilinda awe mtu mmoja tu. Hivyo ndivyo mtu aliyezoea kelele na utani wa mafundi wanane alivyobaki na birika na kipimajoto.

Hesabu zake za kwanza zilitufurahisha mno. Kwenye karatasi tulivuka mlima, tukafika hospitali ya rufaa na kurudi, na chaji ikabaki. Mkurugenzi akanunua keki. Tulikuwa tumefika katikati ya keki Shangazi alipoingia na kutangaza kuwa amekosea. Helikopta ya mafuta huzidi kuwa nyepesi kadiri inavyokwenda, na hilo lilikuwa limemwingia damuni kwa miaka mingi. Bila kujijua, akawa amepunguza uzito wa betri njia nzima ya kurudi. Betri iliyokwisha ina uzito ule ule wa betri iliyojaa. Alijicheka kuliko sisi tulivyomcheka, kisha akaomba kipande chake cha keki.

Siku ya jaribio, helikopta ilipaa kweli. Ilizunguka uwanja, tukapiga makofi na wengine wakatokwa na machozi. Ila mbio za sakafuni huishia ukingoni: ilitua ikiwa na betri zenye joto kali na chaji ya kusikitisha. Mkurugenzi alitaka kutangaza ushindi hapo hapo. Shangazi akasema, "Kuruka inaruka. Kurudi ndiyo shida."

Mafundi waliomsaidia kufunga mota walihamishiwa idara nyingine. Yeye alibaki. Kila betri mpya ilipoletwa, aliipima kwenye joto, kwenye baridi na kwenye upepo. Sisi tulikuwa tukipita kando ya mstari wa njano tunamuuliza kwa sauti kama tayari, naye anajibu bado, tunacheka na kuendelea na safari zetu. Jina likamganda. Kwa wengi wetu, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote naye.

Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na mwanawe anafanya kazi mbali, hupiga simu Jumapili. Zamu za sikukuu alikuwa anazichukua yeye, nasi tunamshukuru na kwenda kwa familia zetu. Chakula cha mchana alikila amesimama mlangoni, akitutazama tukicheza karata kantini. Kanuni inataka redio ya chumba chake ijaribiwe mara moja kwa wiki. Yeye aliijaribu kila alasiri. Nilimjibu kwamba anasikika vizuri, naye akanijibu kwamba nami nasikika vizuri, halafu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzima.

Mwezi uliopita zikaja betri bora kuliko zote. Zinavuka mlima na kurudi, ilimradi hali ya hewa iwe tulivu. Lakini upepo ukigeuka, au uwanja wa hospitali ukikutwa una helikopta nyingine, hakuna akiba ya kusubiri angani. Mkurugenzi, kwa nia njema kabisa, alipendekeza ripoti iseme inawezekana, ili helikopta ipae mbele ya wageni siku ya kumuaga, na masharti yaongezwe baadaye. Sote tulitaka iwe hivyo. Yeye alitaka kuliko sisi. Niliiona sura yake. Akaomba muda, akarudia majaribio peke yake, kisha akaja kikaoni na kusema, "Mgonjwa hajui kama mimi ninastaafu." Akaandika kwamba haiwezekani kwa sasa. Mkurugenzi akatia sahihi.

Kwa hiyo siku ya kuagana hakutakuwa na helikopta angani. Kutakuwa na soda na hotuba, na chumba cha betri kitafungwa, maana wa kumrithi hajapatikana.

Tunakushukuru, Shangazi, kwa niaba ya wagonjwa ambao hawatajua kamwe kuwa uliwakatalia safari kwa kuwapenda. Nenda na afya njema, na miaka iliyo mbele yako iwe na watu wengi ndani yake. Siku helikopta ya betri itakapovuka mlima na kurudi na akiba yake, simu ya kwanza itakuwa yako. Tafadhali usibadilishe namba.