Chai ya Kwanza ya Bi Glenys

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutomwamini mtu, Bi Glenys Trethowan, mchunguzi mkuu wa malalamiko katika Bodi yetu ya Madaktari wa Wanyama, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Ameshauliza mara mbili ni nani aliyeagiza keki, na kwa nini.

Alianzia kaunta, akipokea simu za wenye paka waliokasirika. Hakukaa sana. Daktari mmoja wa pwani alileta cheti cha mafunzo ya lazima ya mwaka, na Bi Glenys akakumbuka kwamba siku hiyohiyo ya mafunzo daktari huyo alipigwa picha ya gazetini akimvisha fahali utepe kwenye maonyesho ya kilimo. Wakubwa wakaona heri wampe gari, akachunguze vizuri.

Kila safari alibeba chupa yake ya chai na biskuti mbili. Kliniki zote za vijijini huwa zina birika la moto na keki ya kumkaribisha mgeni, naye hakuonja hata moja. Akiingia hakumtazama daktari. Alifungua friji kwanza, aone kama chanjo zimelazwa pamoja na sandwichi za watu.

Mwaka 2009 alifika Wirrabah, mji wa ng'ombe wa maziwa. Dakta Alasdair Quilty alikuwa ametibu pale miaka kumi na tisa bila lalamiko hata moja. Wengine ofisini walimsifu kwa hilo. Bi Glenys lilimkosesha raha, maana hajawahi kuona mji usio na mtu hata mmoja wa kulalamika. Kisha ikaja barua isiyo na jina: njooni Jumanne, muone nani anapasua.

Alikuja Jumanne. Aliyekutwa na kisu mkononi, mbwa amelala mezani, ni mimi ninayeandika haya, Marnie Cutajar, wakati huo muuguzi wa wanyama nisiye na ruhusa ya kupasua hata kuku. Dakta Quilty alisimama pembeni akinielekeza, mikono mfukoni. Ilikuwa inatetemeka kwa mwaka wa nne. Mji mzima ulijua na mji mzima ulinyamaza, kwa sababu daktari mwingine alikuwa kilomita tisini kutoka pale.

"Mama, daktari wetu hana neno," mfugaji mmoja alimwambia pale getini. "Wewe maliza chai yako urudi zako mjini."

"Nitamaliza. Mikono yake ikoje?"

Mfugaji akaanza kuzungumzia mvua.

Bi Glenys aliandika yote. Daktari akarudisha leseni, nami nikafungiwa kazi miaka miwili. Nilimchukia, na siku Bodi ilipokaa kusikiliza kesi yetu nilimfuata mpaka ngazini.

"Haya, umefurahi sasa?"

"Yule mbwa angevuja damu, ungemwita nani?"

Ila mwishoni mwa ripoti yake kulikuwa na mstari mmoja: mikono ya huyu dada ni mizuri, aende akasome. Niliondoka nikiwa na hasira, lakini nilikwenda. Leo mimi ni daktari mwenye leseni, na Jumatatu nitakalia kiti chake.

Kilichobaki kunitafuna miaka yote ni ile barua. Nani alituuza? Nilimshuku mama wa posta. Nilimshuku muuza chakula cha mifugo. Nilimshuku shangazi yangu Concetta mpaka nikaacha kwenda kwake Krismasi. Kwenye mazishi ya Dakta Quilty, badala ya kulia, nilikuwa nawakagua waombolezaji mmoja mmoja. Kila mwaka nilimuuliza Bi Glenys, na kila mwaka alijimiminia chai. Mlalamikaji analindwa na sheria, hata asipotaja jina lake.

Wiki iliyopita alinikabidhi funguo za kabati, nikatia saini, akatoka na kufunga mlango. Alijua nitafungua faili gani. Jina siliandiki hapa, maana sheria haistaafu. Niseme tu kwamba kila herufi ya barua ile ilitetemeka, na kwamba mwandiko ule niliujua tangu enzi za vibandiko vya dawa pale kliniki, kabla sijaanza kumwandikia mimi. Nililia palepale, miaka mingi baada ya mazishi. Jioni nikampigia simu shangazi Concetta kumwomba radhi.

Bi Glenys, asante kwa kuja ile Jumanne, na asante kwa kunyamaza. Keki niliiagiza mimi. Tunakuombea siku njema nyumbani, zenye afya na majirani wa kuwashuku kidogo. Chupa yako iache kwenye gari. Chai iko mezani, na leo hakuna ripoti.