Kiatu cha Gladness

Kijiwe chetu kipo Njoro, chini ya bati la fundi viatu, na benchi lake lina mguu mmoja mfupi uliowekewa tofali. Sisi ambao baba zetu walilima kahawa Marangu huinunua hapa kikombe kimoja kimoja. Juzi asubuhi tuliinywa kwa ajili ya mtoto wa Yoramu.

Gladness ana mwaka mmoja na miezi mitatu, na alianza kutembea akichechemea, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Daktari alieleza kwamba kichwa cha mfupa wa paja hakikukaa katika kikombe chake kwenye nyonga. Angempa mtoto dawa ya usingizi, akirudishe mahali pake, kisha amfunge plasta kutoka kifuani hadi miguuni kwa miezi kadhaa. Wakichelewa, huenda mfupa ukakatwa. Mama yake, Violet, alikwisha kukubali. Yoramu aliomba muda wa kufikiri, akaja kufikiria kwetu.

Leodegar, tunayemwita Profesa kwa sababu huliwahi gazeti, alishauri subira.

— Haba na haba hujaza kibaba, Baba Gladness. Huo mguu utaongezeka wenyewe.

Ebenezeri, dereva mstaafu wa lori, alilaumu mbeleko: ati humpanua mtoto miguu kama mpanda punda. Nilimkumbusha kwamba naye alibebwa hivyo hivyo, na bado anaruka mitaro. Basi akahamishia lawama mlimani. Mtoto alijifunzia kutembea kwa bibi yake Marangu, ambako shamba lote limeinama. Mguu wa upande wa juu ungerefuka kwa sababu gani?

— Mrudishe huko, atembee akielekea upande wa pili. Na ule mwingine ufupike, ilingane.

Profesa aliona hayo ni makali mno. Akaligonga benchi: liliyumba mwaka mzima, wala halikulazwa hospitali, tofali lilitosha. Mtoto naye aongezewe soli. Tulicheka, nami nikiwamo, lakini Yoramu hakucheka. Alitoa mfukoni jozi ya viatu vyekundu, kila kimoja kirefu kama kidole changu. Alikuwa amekuja navyo.

Fundi Wenseslaus, kijana wa Himo aliyekuwa na siku ya tatu pale, aliweka sindano chini. Alivipokea, akachukua chaki.

— Mguu mfupi ni upi, baba?

Yoramu alitazama kiatu kimoja, kisha cha pili. Profesa alifunua gazeti. Ebenezeri alikoroga kahawa isiyo na sukari. Mimi, ninayejidai kuona kila kipitacho Njoro, nimemwona mtoto yule mara nyingi, na sikujua.

— Nadhani wa kulia.

— Nikiinua usio wenyewe, nitamzidishia.

Yoramu alivichukua viatu vyote viwili, akainuka.

— Na kahawa yako? Profesa aliuliza.

— Ngoja nikamshike miguu kwanza.

Kahawa ilipoa. Kabla ya adhuhuri wakapita kuelekea hospitali, mtoto akiwa mgongoni mwa Violet, Yoramu akiwa amebeba beseni lenye shuka na chupa ya uji. Hakusimama. Alipofika usawa wa fundi, alimgusa mtoto mguu wa kushoto kwa kidole, akaendelea kutembea.