Upepo Mbele ya Mkwe

Marehemu baba alikuwa na ng'ombe wa gari kule Ole. Siku moja ng'ombe huyo akala maganda mabichi ya muhogo, akalala mikarafuuni, tumbo limemvimba. Karafuu zimeanikwa, harufu nzito, hata mie nikasinzia. Usingizini namsikia baba: "Inuka, bwana wangu, twende." Akamtembeza, akamtembeza, mpaka... basi, mtanisamehe.

Ndugu zangu, mmenitaka niseme kwa kuwa mwenzetu huyu wa Mgogoni anakwenda kupasuliwa tumbo, na anaogopa. Mie nilipasuliwa mwaka jana, utumbo ulijisokota. Nilipozinduka nilikuwa naelea, kitanda wingu, dari maji. Daktari kila akija: "Mzee, umetoa upepo?" Bado. "Basi na kula bado."

Nawaambia kweli, upepo ulikuja mapema. Lakini ubavuni kwangu amekaa mkwe wangu, mume wa binti yangu, tasbihi mkononi, anavuta uradi, habanduki. Mtu na heshima zake atajamba vipi mbele ya mkwe? Nikabana. Nikabana hata ukanyamaza, tumbo likawa ngoma. Daktari akasema lisipofunguka, huenda nikarudishwa kisuni.

Muuguzi akaniletea chingamu. "Tafuna, babu, tumbo lidhani unakula."

"Mie kibogoyo, mwanangu!"

"Tafuna kwa fizi. Kisha inuka, tutembee."

Nikakumbatia mto juu ya kidonda, nikaburura miguu. Jua la asubuhi limemwagika sakafuni, na wallahi nilinusa karafuu. Inuka, bwana wangu, twende. Mara mkwe huyo nyuma yangu, anataka kunishika mkono.

"Mkwe wangu, nakuomba, kaa mbali kidogo," nikamwambia.

Akaniangalia, akafahamu. "Mzee, kwani uradi wote ule ulidhani naomba nini? Naomba huo huo upepo!"

Nikacheka, kidonda kikaniuma, na ukatoka, mrefu kama honi ya meli. Mkwe akasema, "Alhamdulillahi." Jioni nikanywa uji.

Muuguzi yule Mungu amlipe, na mkwe wangu pia. Nawe wa Mgogoni, wakikuruhusu tu, tembea. Tafuna. Maji kwa mafunda madogo. Na haya ziache mlangoni, mwanangu, utazikuta ukitoka.

Mnacheka? Chekeni. Mambo ya hospitali yalikuwa ya hospitali. Leo mkwe wangu yule pale mstari wa mbele, nami tangu nile yale maharage tumbo linanena. Nipisheni nipite. Msiningoje.