Nati Tano za Fundi Joakimu Hhando

Wasikilizaji wapendwa, iwe uko Dongobesh, Katesh au Hirbadaw, sogea karibu na redio. Habari ya leo ni nzito. Fundi Joakimu Hhando wa Endasak amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Ndiyo, yule Fundi Joakimu wa mashine za kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali.

Siku sita za juma alikuwa karakana ya shamba. Jumapili, baada ya misa, alikuwa nyumbani chini ya Land Rover yake kuukuu, miguu tu ndiyo inaonekana. Mkewe, Zita, alimpelekea uji huko huko chini. Alizoea kumtania, "Hivi wewe ulinioa mimi au ulioa hili gari?"

Mwaka 1982 gurudumu la gari hilo lilichomoka mteremkoni. Hakuumia mtu, lakini hofu ilimwingia. Tangu hapo alikaza nati za magurudumu kwa bomba refu la karakana. Alilichomeka kwenye mpini wa spana, akaning'inia kwa uzito wake wote. Alifanya hivyo kwa upendo, wasikilizaji. Alitaka watu wake wafike salama.

Julai 1984, saa tano mchana, Zita alishikwa na uchungu. Mtoto huyo wa pili walikuwa wamemsubiri miaka kumi na sita, na sasa alikuwa amekaa vibaya tumboni. Joakimu akampakia mkewe, pamoja na binti yao Efrazia, wakaelekea hospitali. Kabla ya kufika Katesh, tairi likapasuka.

Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki ilikuwepo. Lakini ulikuwa msimu wa mavuno, na bomba lilikuwa karakana, likitumika kwenye mashine za kuvunia. Mkononi alikuwa na spana fupi, na mbele yake nati tano alizozikaza mwenyewe.

Alisimama juu ya spana. Akarukaruka. Akagonga kwa jiwe. Mbili ziliachia. Ya tatu ikalika pembe, spana ikawa inateleza tu.

Bwana Saleh, mfanyabiashara wa Katesh, alifika na lori muda wa saa mbili baadaye. Anasimulia: "Binti yuko garini analia. Mama ameshafariki, na mtoto wake tumboni. Fundi bado yuko kwenye nati. Nikamwambia, Fundi, acha. Hakuacha. Ilibidi nimshike mabega nimtoe pale."

Baada ya mazishi alianza kutengeneza vifaa vyake mwenyewe. Kutoka kwenye ekseli za trekta mbovu alichonga kikombe cha chuma chenye meno ndani. Unakigongelea juu ya nati iliyolika, kinang'ata, nati inageuka. Alikata pia mabomba mafupi ya kurefusha spana, yanayoweza kulala chini ya kiti. Kila mwenye gari aliyemfahamu alipewa bure, kwa sharti moja. Analegeza nati zako zote, kisha wewe unazikaza upya, mbele yake.

"Kaza kwa spana utakayokuwa nayo njiani," alisema. Alisema hivyo kwa miaka tisa. Ukimshukuru, anatikisa kichwa na kwenda zake.

Wengi tulidhani zile nati ndizo zilizomvunja moyo. Msikilizeni Efrazia.

"Jumatatu jioni baba aliniita kando ya kitanda chake. Akaniuliza, 'Unakumbuka mama yako aliniita?' Nikamwambia nakumbuka, baba. Mama aliita mara tatu, alitaka ashikwe mkono. Baba akasema, 'Nati nimeshaisamehe, mwanangu. Lakini mimi nilimwambia ngoja.' Akalia sana. Nikamshika mkono."

Efrazia, ukoo wa Hhando, na mafundi wenzake wa karakana, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Misa ya mazishi ni kesho saa nne, Endasak, na atalazwa kando ya Zita.

Nasi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Nani yuko nyumbani anatuita, nasi tunamjibu ngoja kidogo? Huenda kazi iliyotushika tunaifanya kwa ajili yake huyo huyo. Joakimu naye spana aliishika kwa ajili ya Zita. Akikuita, weka chini ulichoshika. Nenda.