Vinundu vya Bi Kijakazi Abeid Kombo, 1962–2025

Bismillahi Rahmani Rahim. Wazee wetu shikamooni, na wengine wote assalamu alaykum. Karatasi hii imeandikwa na Muna, mtoto wa mwisho wa marehemu, na inasomwa barazani na Sabri, kaka yake Muna, kwa spika, ili wanawake walioko ndani nao wasikie. Kaka hajaisoma kabla. Nimemwomba asome kama ilivyo, bila kuruka mstari, kwa sababu kilichomuua mama huenda ninacho na mimi. Wiki ya tatu sasa nina uvimbe shingoni, upande wa kushoto, mdogo kama kunde. Sijamwambia mtu. Kaka, usinyamaze, endelea kusoma.

Marehemu alizaliwa Kirongwe, hapahapa Mafia, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa Mzee Abeid Kombo, mkulima wa minazi na mikorosho. Bibi yetu, mama yake marehemu, alivimba shingo. Mwaka 1989 alivushwa kwenda Dar es Salaam kutibiwa, akafia huko na kuzikwa huko. Kilichorudi Kirongwe ni mkoba wa nguo zake, na marehemu ndiye aliyeufungua. Tangu hapo alikuwa akisema, "Bara huenda mtu, hurudi mkoba." Alilisema kwa utani, lakini hatukuwahi kumwona akicheka.

Alisoma chuo cha Kurani palepale Kirongwe, na shule ya msingi akamaliza Darasa la Saba mwaka 1976. Shuleni ndiko Mwalimu Faraja alikomfundisha kufuma, kwa kulabu iliyochongwa kutoka spoku ya baiskeli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ngumu mpaka wenzake wakaiita kifuniko cha mtungi. Mwalimu aliifumua yote mbele ya macho yake, akamwambia, "Legeza mkono, Kijakazi. Uzi haukimbii." Maneno hayo marehemu aliyarudia kwa kila msichana aliyekuja kujifunza kwake.

Mwaka 1984 aliolewa na Mzee Haruni Iddi, mkulima wa nazi na mihogo hapa Baleni. Alianza kufuma vitambaa vya makochi miaka mitatu kabla nyumba hii haijaona kochi. Wageni wakiuliza, baba alikuwa akiwajibu, "Nguo zimetangulia, mwenye kuvaa yuko njiani." Walijaaliwa watoto watatu, na kochi likafika.

Kazi iliyompa jina mpaka Utende, kusini mwa kisiwa, ni skafu. Watu walishangaa, nani avae skafu na joto la Mafia? Zake zilikuwa nyepesi. Alitumia uzi mwembamba wa pamba na kulabu nene, kitambaa kikawa cha kupitisha upepo. Kila baada ya mistari miwili ya matundu alifuma mstari wa vinundu: kulabu huingia mara tano katika tundu moja, kisha uzi unavutwa mara moja kuvifunga vitanzi vyote, kikatokea kidonge kinachoinuka. Alifumia sebuleni, miguu juu ya jamvi, na anayemsemesha akiwa anahesabu alijibiwa kwa kidole.

Mwaka 2021 alianza kuzivaa mwenyewe, tena ndani ya nyumba, pale wanawake wenzake wanapovua ushungi wapumue. Tulidhani anazijaribu. Kwenye harusi ya kaka Sabri, Oktoba 2022, Bi Nusra, mama mkwe wa kaka, alimuuliza mbele ya wanawake wote, "Bi Kijakazi, joto lote hili, hicho shingoni ni nini?"

"Kinundu," akajibu.

"Basi na mie nifumie."

Tulicheka sana. Hakusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Alitwambia hadharani, tukacheka, tukaagiza na zetu.

Jana nilizitoa skafu zake sandukuni. Za miaka ya nyuma ni laini, zinateleza mkononi. Zile za mwisho zimekazwa, vinundu vyake vigumu mpaka vinaumiza kidole. Mtu aliyewafumulia wengine kazi zao kwa sababu wamekaza uzi, mwenyewe mkono ulikataa kulegea. Mama alikuwa akiogopa, na alikuwa akiogopa peke yake.

Septemba 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Tarehe 21 ya mwezi huo, nikimwosha nywele, nilimfungua skafu. Alinishika mkono.

"Mama, hiki nini?"

"Si nilikwishawaambieni? Kinundu. Usimwambie baba yako."

Nikanyamaza miezi miwili. Baba, unanisikia hapo ulipokaa, nisamehe. Najua methali mnayoifikiria nyote, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nami nilikuwa mfichaji pamoja naye.

Mwishoni mwa Novemba tulimvusha. Alikaza macho sakafuni mwa boti mpaka Nyamisati, upande wa bara. Daktari alituambia ni saratani ya tezi ya shingo na imekwishateremka mapafuni. Kisha akanigeukia mimi. "Hii mara nyingine hutembea kwenye damu ya ukoo. Watoto wake wote wapimwe. Ikiwahiwa, inatolewa, mtu anaishi." Nilirudi nikawaeleza ndugu zangu habari za mama tu. Hayo mengine sikuyasahau. Niliyaogopa, nikasubiri mama apate nafuu kwanza, na mwezi uliopita nikajigusa shingoni.

Marehemu alifariki nyumbani kwake, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Anazikwa leo Jumatatu, hapa Baleni, baada ya sala ya adhuhuri. Hitma ni Jumatano.

Ameacha mume, Mzee Haruni. Watoto watatu, Sabri, Hafidhi na Muna. Na wajukuu wanne. Daktari alisema watoto wote, hakusema mmoja. Jana nimeagiza tiketi tatu za boti ya Alhamisi. Naiogopa safari hiyo, naogopa mashine, na zaidi naogopa kukaa kwenye benchi kusubiri jina langu liitwe. Ila ninyi kaka zangu wawili nawaogopea zaidi, maana mimi angalau nimejua.

Mama yetu apumzike kwa amani, Mwenyezi Mungu amkunjulie kaburi lake. Kaka Sabri, karatasi imeisha. Sasa jiguse shingoni.