Verlyn Skogstad, Mtangazaji wa Septemba Zetu Zote

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi uliotukuka, Bw. Verlyn Skogstad, Ofisa Habari za Michezo wa Chuo cha Brekkhus, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Septemba. Chuo kinajivunia mchango wake mkubwa katika mawasiliano, na Rais wa Chuo, Bradford Eames, anaungana na wafanyakazi wote kumpongeza kwa kufikia hatua hii muhimu ya maisha yake.

Haya, aya ya kwanza imekwisha. Rais wetu ni mtu wa shughuli nyingi, na ofisi nzima inajua kwamba kila kinachowekwa mezani kwake husomwa aya ya kwanza na ya mwisho tu. Kwa hiyo hapa katikati tuko wenyewe, tunaweza kuongea. Mimi ni Marlys Kubicek wa dirisha la tiketi. Nimekaa mlango wa pili kutoka kwa Verlyn tangu nywele zake zikiwa nyekundu, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mshauri wa taswira ya chuo anasema kompyuta yake bado haijafundishwa kuaga watu.

Verlyn hakuja Brekkhus kwa ajili ya mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kuubeba mikononi hadi mstari wa wapinzani. Alikuja kupanga vitabu maktaba. Mwaka wake wa kwanza, aliyekuwa akiandika habari za michezo aliacha kazi baada ya mechi ya pili ya msimu, akisema moyo wake hauwezi. Mkuu wa michezo akaenda maktaba, akamkuta Verlyn juu ya ngazi. "Wewe, unajua kuandika?" Verlyn akajibu kwamba kusoma anajua. "Inatosha, shuka." Jumamosi iliyofuata alikuwa ndani ya kibanda cha juu ya jukwaa, kipaza sauti mkononi, akiwatazama Nungunungu wa Brekkhus, ndiyo timu yetu, wakifungwa arobaini na moja kwa tatu.

Septemba ndivyo ilivyo kwetu. Ligi yetu ya vyuo vidogo huanza Oktoba, na Oktoba tunajikongoja, tunashinda mechi tatu, nne, watu wanatembea vifua mbele mpaka theluji ianguke. Lakini Septemba unacheza na anayekubali kucheza nawe. Wanaokubali kucheza na Brekkhus ni vyuo vyenye vijana wa shingo pana kuliko dirisha langu la tiketi, wanaokuja kupasha misuli kabla ya msimu wao wa kweli. Misuli hiyo wanaipashia juu yetu.

Kazi ya Verlyn ilikuwa kuandika matokeo kila Jumamosi jioni na kuyabandika kwenye kioo cha mgahawa wa Lorraine, ambako mji mzima hupitia kahawa baada ya ibada. Alijiwekea masharti mawili: hatadanganya, na hataandika neno "tumefungwa". Nilimuuliza kwa nini. "Marlys, kufungwa wote wamekuona," akasema. "Mama wa mtoto aliyecheza anataka kuambiwa kitu ambacho hakukiona." Basi alikuwa akitafuta. Katika mechi ya pointi hamsini na kitu alitafuta mpaka akapata kijana mmoja aliyemwinua mwenzake kutoka matopeni, akamwandikia aya nzima. Mwishoni aliweka mstari uleule miaka yote: matokeo kamili yanapatikana ofisini Jumatatu. Miaka hiyo yote sikuwahi kuona mtu akija ofisini Jumatatu.

Hawakuhitaji kuja, kwa sababu walishajifunza kumsoma. Akisifia safu ya ulinzi, tumefungwa kwa heshima. Akimsifia mpiga teke, yule anayeupiga mpira mbali kila timu inaposhindwa kusonga mbele, basi ni pointi thelathini au zaidi, maana maskini amepiga mateke mchana kutwa. Akisifia hali ya hewa, ni arobaini. Akisifia bendi, usiulize. Vyote vitatu kwa pamoja, mpiga teke, hali ya hewa na bendi, vilitokea mara moja tu, na Jumapili ile mchungaji alifupisha mahubiri ili watu wakapumzike.

Mpiga teke mmoja wa zamani sasa ni daktari wa meno kule Duluth. Karatasi ya Verlyn ameitundika ukutani juu ya kile kiti cha mateso: "Teke lake la tatu lilikaa hewani muda mrefu hivi kwamba watu walipiga makofi, wakapumzika, wakapiga tena." Mechi yenyewe tulifungwa arobaini na tisa kwa sifuri. Wagonjwa wake wanadhani wanatibiwa na bingwa.

Kuna mwaka tulishinda mechi ya Septemba, na ni lazima niliseme kwa sababu hakuna aliyelisahau. Chuo cha Lindahl kilikuja na nusu ya wachezaji wanaumwa matumbo, Nungunungu wakashinda kumi na nne kwa kumi. Verlyn alikaa mbele ya mashine yake ya kuandikia. Hakujua ushindi huanzia wapi. Mwishowe akaandika mstari mmoja, "Brekkhus 14, Lindahl 10", akaubandika kwa Lorraine, akaenda kulala.

Asubuhi Mzee Ardell Huseby, mkulima wa soya mwenye kiti chake pale mgahawani, akasimama mbele ya kioo. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Lorraine, hebu njoo. Hajamsifu mtu."

"Hata mpiga teke?"

"Hata bendi!"

"Ee Mungu wangu. Na hizo namba?"

"Namba ndizo zinazonitisha. Verlyn hajawahi kuandika namba. Mtu mwenye akili timamu haandiki namba hivihivi."

"Nani kafa?"

Kufika saa sita mchana mji ulikuwa umeamua kwamba msiba uko kwa Kocha Duane Fjelde; ngazi ya nyumba yake ilikuwa imejaa mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, yale tunayopelekeana kwenye misiba, na mchungaji alikuwa mlangoni kofia mkononi. Mke wa kocha akawa anapiga kelele, "Tumeshinda! Jamani, tumeshinda!" Mchungaji akamshika bega kwa upole. "Ndiyo, mama. Kwa imani, sote tumeshinda." Walikula viazi hadi katikati ya wiki, na Kocha Duane hadi leo akiona bakuli lenye kifuniko anashtuka.

Verlyn ana kasoro zake, nisije nikaonekana namchonga sanamu. Sweta lake la rangi ya chungwa lina umri wa kupiga kura. Kahawa anaisahau mpaka inaota ngozi, kisha anainywa. Na mara moja alisahau kuzima kipaza sauti, mchezaji wa wageni akachomoka na mpira peke yake kuelekea mstari wetu, na uwanja mzima ukamsikia Verlyn akisihi, "Jamani, mshikeni basi! Hata shati!" Wanafunzi wakayaandika maneno hayo kwenye fulana. Vyuo vya jirani navyo vikayachukua, hata leo mashabiki wa Wexley wakiniona sokoni wanauliza, "Mama Kubicek, hamjamshika tu?" Namwambia Verlyn ni kosa lake. Anacheka mpaka anashika meza.

Sasa tuje mwaka huu. Mechi ya kwanza tulicheza hapa nyumbani na Marchbanks. Rais Eames, ambaye ana mwaka wake wa pili hapa, alikuwa amewaalika wahitimu wenye uwezo wao, wamekaa kwenye viti vyenye mito. Tukafungwa sitini na tatu kwa sifuri. Jioni Rais na mshauri wake wa taswira wakashuka ofisini kwa Verlyn. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo sikulazimika kusikiliza ili nisikie.

"Bw. Skogstad, tumelitafakari hili. Utaandika kwamba yalikuwa mazoezi ya wazi. Si mechi."

"Yalikuwa mechi, Bwana Rais."

"Ni suala la namna ya kulieleza tu. Si ndiyo kazi yako? Nasikia una kipaji hicho."

Verlyn akasema, taratibu kama kawaida yake, "Mimi nachagua ukweli upi niuseme. Sijawahi kuutunga. Watu walikaa pale na soseji zao wakiutazama ubao wa matokeo. Na wale vijana wetu wamevuja damu kabisa, Bwana Rais. Nikisema yalikuwa mazoezi, nawaambia walikuwa wanavujia nini?"

Mshauri akasema kuhusu damu hana takwimu. Wakaondoka.

Usiku huohuo, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ile ngazi ya maktaba, Verlyn alilitumia lile neno. Karatasi iliyobandikwa kwa Lorraine ilisema: "Tumefungwa sitini na tatu kwa sifuri, nyumbani. Ilikuwa mechi halali. Vijana walicheza hadi mwisho na hakuna aliyeomba kutolewa." Basi. Asubuhi Mzee Ardell akaisoma, akavua kofia yake yenye nembo ya trekta.

"Hii sasa ni mbaya," akasema.

"Sitini na tatu, bwana, acha tu," Lorraine akajibu.

"Si sitini na tatu. Kuna mtu kamuudhi Verlyn."

Hakukosea. Verlyn alikuwa ameomba tangu masika kustaafu Novemba, baada ya mechi ya mwisho. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mbele yangu akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa: "Nataka kuondoka wakati tunashinda, Marlys. Oktoba moja ya mwisho, kisha basi." Katikati ya wiki ile akaambiwa atastaafu tarehe 30 Septemba, ili tarehe ioane na mwisho wa robo ya bajeti. Akaomba abaki hata bila mshahara, aachiwe kipaza sauti tu, Oktoba tu. Akaambiwa haiwezekani kwa sababu za bima. Sijui ni hatari gani inampata mtu anayesema "mpira uko kwetu", lakini bima ni mambo ya wasomi.

Nimekasirika. Nasema wazi, sizunguki. Mtu amebeba Septemba zote za chuo hiki mgongoni, kila kipigo kakitafutia neno la kumwezesha mama wa mtu alale, na siku moja kabla ya Oktoba anaonyeshwa mlango.

Tangu hapo matokeo yanaandikwa na kompyuta ya mshauri. Mechi ya pili iliandika, "Nungunungu waendeleza safari ya ukuaji." Ya tatu iliandika, "Nungunungu wazidi kukua." Mzee Ardell alisimama mbele ya kioo akauliza, "Kukua ngapi kwa ngapi?" Hakuna aliyejua. Jumatatu akaja ofisini kuuliza matokeo kamili, wa kwanza tangu nianze kazi hapa. Nilipompa namba alizitazama, akaniambia, "Afadhali ya bendi."

Kesho, tarehe mosi Oktoba, tunacheza na Wexley hapa nyumbani. Wexley, jamani, ambao mpiga teke wao ndiye pia mpiga tarumbeta. Tutashinda. Hata Kocha Duane ametabasamu, na yeye si mtu wa kutabasamu ovyo.

Jana Verlyn alikuja dirishani kwangu kama mteja, amevaa lile sweta, akataka tiketi moja. Nikamwambia, "Acha utani, pita tu, nani atakuzuia?" Akakataa, akataka ya kununua. Nikamuuliza upande gani. Akauangalia mchoro wa viti muda mrefu, kisha akaniuliza, "Marlys, kwani watu huwa wanakaa wapi?" Miaka yote alikuwa kule juu kibandani; hajawahi kukaa na watu. Nikampa kiti cha pembeni mwa Mzee Ardell, safu ya tano, kisha nikafunga dirisha nikasema nina mafua.

Na sasa, aya ya mwisho. Bwana Rais, karibu tena.

Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, tunamshukuru Bw. Skogstad kwa utumishi wake. Hafla ya leo ya kumuaga imefana sana. Hali ya hewa ilikuwa nzuri ajabu, anga safi, upepo mwanana kutoka magharibi. Bendi yetu ilipiga kwa ustadi ambao haujawahi kusikika katika viwanja hivi. Mpiga teke wetu, aliyekuja kuhudhuria, ana mguu imara mno. Matokeo kamili yanapatikana ofisini Jumatatu. Nenda salama, Mzee Verlyn. Tunakuombea Oktoba ndefu.